Matofali Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kama ya juzi. Nilikuwa msichana wa shule hapa Mwaya, zamani za Mwingereza, na wazee wa kanisa walikuwa wamekutana kwa ajili ya darasa la wasichana. Kuta zake zilikuwa zimeishia kiunoni. Mwaka uliotangulia vijiji tisa vilikuja kubeba matofali elfu mbili mia tano kutoka tanuru la mtoni. Kila kijiji kilibeba fungu lake, yakabaki saba, na hakuna aliyekubali kuyabeba akaonekana mtumwa wa wenzake. Unacheka? Watu waligombana wakaenda makwao, na sisi tukaendelea kusomea uani. Sasa wazee walisema ikishindikana tena, wasichana tuache shule.

Tena hakuna aliyejua safari hii vitakuja vijiji vingapi. Watu wa kijiji cha Ndandalo walikuwa na hakika ya kuja. Wa kijiji cha Katumba Songwe walitegemea mto usifurike. Mzee Asegelile, msimamizi wa ujenzi, alitaka tungoje mpaka idadi ijulikane. Nikapiga magoti, maana kwetu binti ndivyo anavyosema na wazee, nikaomba matofali ya safari hii, yaliyopangwa tena elfu mbili mia tano, yaongezwe ishirini.

"Kwa nini ishirini?" akauliza.

"Yakiwa elfu mbili mia tano na ishirini, baba, vije vijiji viwili au vije kumi, yatagawanyika sawa. Halitabaki hata moja."

Nikawaeleza nilivyoipata: nane mara tisa, mara tano, mara saba. Ndani ya nane zimo mbili na nne, ndani ya tisa imo tatu. Sita na kumi zinapata zao humo humo. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayoweza kazi yote hiyo.

Mzee alinijaribu. Saba? Mia tatu na sitini. Tisa? Mia mbili na themanini. Alipofika kumi na moja nilimwambia hapo inakataa, litabaki moja. Akatabasamu, akasema vijiji vyetu ni kumi tu.

Mto Songwe ulifurika, vikaja vijiji saba tu. Kila kijiji kikabeba mia tatu na sitini, na mahali pa tanuru pakabaki majivu matupu. Mzee Asegelile akaniita mbele ya watu wote. "Ndaga fijo, Tupokigwe," akanishukuru. "Darasa hili limejengwa na hesabu yako."

Baba yangu, mvuvi asiye na maneno mengi, aliitaja namba ile njia nzima mpaka nyumbani. Mpaka leo sijavaa nguo iliyonipendeza kama sauti yake siku ile.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikutana na jambo kubwa usiliogope kwa ukubwa wake. Lifungue, uone limeundwa na nini. Unachokijua kiseme kwa heshima lakini kiseme, na useme pia mahali kinapokomea, ndipo watu watakuamini. Mungu akupe akili iliyo wazi na ulimi usiotetemeka, na wazazi wako walitaje jina lako kwa furaha popote waendapo.