Friji ya Chanjo Matangani

Ungemtilia kuku wako jichoni dawa iliyokufa, ukijua imekufa?

Swali hilo lilimjia Hesbon Jumapili jioni, nje kidogo ya mji wa Bungoma, mkono wake ukiwa ndani ya friji. Mle ndani mlikuwa na joto kama kwapani.

Friji hiyo ndogo ya volti kumi na mbili ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa miaka miwili alikuwa ameishi ndani ya basi dogo la shirika lao la ufugaji, lililong'olewa viti likawekwa kitanda, jiko la gesi na ile friji iliyotegemea betri mbili na paneli ya sola juu ya paa. Alichukua Kitale chanjo ya kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, akalala popote penye wafugaji, kuanzia Saboti hadi Malakisi, katika vijiji ambavyo nguzo za umeme zilikomea barabarani. Aliegesha gari palipo na jua, hata kama yeye mwenyewe angeshinda akiokwa humo ndani. Hakuifungua friji ovyo. Hakuweka ndani kitu cha moto. Watu walipomwomba awachajie simu alikataa, wakamwita mchoyo, akavumilia. Betri ikishuka sana friji hujizima yenyewe, na chanjo ikishapata joto haifufuki hata ukiizika kwenye barafu.

Ijumaa alikwenda kwao Saboti kupumzika, akamwachia ufunguo Mukhisa, mratibu wa shirika.

Sasa gari lilinuka soda iliyomwagika na mifupa ya nyama. Vichupa vya chanjo vilikuwa vimepangwa frijini kwa unadhifu wa ajabu, kama watoto watundu waliosikia hatua za baba. Lakini kipimajoto kilikuwa na kumbukumbu. Kilionyesha kuwa chanjo ile ilikuwa imefika nyuzi ishirini na nane.

Mukhisa, aliyekuwa amemrudishia ufunguo na kubaki mlangoni, hata hakujisumbua kuficha.

"Tulikuwa na matanga nyumbani, Hesbon. Wageni wa heshima wangekunywa soda ya moto?"

"Na chanjo ilikuwa wapi, mkubwa?"

"Chini ya kitanda, kwa beseni. Si huko kuna kivuli?"

"Tangu Ijumaa?"

"Nimerudisha leo saa saba. Sasa friji ndiyo imekataa kuwaka. Spika za kwaya zinakula betri, bana."

Mtu mwenye gari hawezi kuwanyima wenye matanga. Hilo Hesbon alilijua na aliliheshimu. Lingebeba kuni, lingebeba hata jeneza, asingesema neno. Kilichomkera ni ile picha iliyomjia: wakubwa chini ya hema, vidole vinene vimeshika chupa zinazotoka jasho, wakihutubu jinsi marehemu alivyowapenda wanyonge, huku wajane wakinywa maji ya mtungi juani. Na jasho la zile chupa lilikuwa baridi ya kuku wa watu.

"Hii imwagwe," alisema. "Tuwaambie akina mama wa Malakisi wangoje tulete nyingine."

"Kesho wafadhili wanakuja na kamera. Utawaonyesha nini, beseni?"

"Kuku watakufa, mkubwa."

"Ingokho hufa kila mwaka. Ukidondosha, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi wewe pumzika. Leta ufunguo, kesho usikuje. Tulikuandika udondoshe dawa, hatukukuandika uwe pasta."

Hesbon alitoa ufunguo. Kiganja cha Mukhisa kilikuwa bado na mafuta ya nyama, na Hesbon akajifuta mkono kwenye suruali mara tatu kabla ya kumpigia simu Phelista, mwenyekiti wa akina mama wa Malakisi. Kuku sitini wa Phelista ndio waliokuwa karo ya binti yake, na kideri kilikuwa tayari kimefagia kijiji cha jirani.

"Mama, dawa ya kesho imeharibika. Imelala chini ya kitanda siku mbili, matangani kwa akina Mukhisa."

"Daktari, una uhakika? Sisi tushakanda hata chapati za wageni."

"Nina uhakika. Na nimefutwa."

"Haya. Nimesikia." Akakata simu.

Kesho yake asubuhi Hesbon alifika Malakisi kwa pikipiki, akasimama kando ya ua wa kanisa. Akina mama walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kuku kwapani. Mukhisa alikuwa amevaa koti jeupe, koti la Hesbon mwenyewe, akitabasamu kwa kamera. Wa kwanza mstarini alikuwa Phelista na jogoo wake mwekundu.

Mukhisa aliinua kichupa. Phelista akaufunika uso wa jogoo kwa kiganja.

"Hii ndiyo ile ililala chini ya kitanda, huko matangani?" aliuliza kwa upole, kama anayeulizia bei ya vitunguu.

Mukhisa alicheka kidogo. "Mama, tunachelewesha wageni."

"Wageni watangoja. Nimeuliza dawa."

Tone lililoning'inia kwenye ncha ya kichupa liliangukia kiatu cha Mukhisa. Phelista akageuka na jogoo wake, akapita mbele ya kamera hadi langoni. Mama aliyekuwa nyuma yake akakitazama kile kichupa, akambana kuku wake kifuani, akamfuata.