Inauzwa Pamoja na Kasimiri

Nyumba ile ya Kawajense ilikuwa na vyumba saba, sakafu za mninga na baraza la kuizunguka pande zote. Watu waliiita ikulu. Tajiri wa Dar aliyeimiliki alikuja mara moja kwa mwaka, akalalamikia vumbi, akaondoka. Walioishi humo hasa ni Pudensiana, mpishi, na mumewe Kasimiri, aliyeilinda miti ya uwanja ule dhidi ya wachoma mkaa utadhani ameizaa yeye.

Kasimiri alifariki masika ya mwaka tisini na tano. Mto ulikuwa umemeza barabara ya kwao Mpimbwe, na maiti haisubiri, hivyo tajiri akaruhusu kwa mdomo azikwe chini ya mninga. Sasa ukutani pameandikwa INAUZWA. Pudensiana aliogopa sana. Mnunuzi angeweza kusema kaburi lifukuliwe, na ruhusa ya mdomo ingemsaidia nini?

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pudensiana hakuona kupona popote siku alipofika Mwandu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, amevaa suti. Vyumba alivipita haraka haraka. Alitaka kuona miti. Chini ya mninga akaona msalaba, akavua kofia.

"Nani huyu, mayu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mume wangu, baba. Naomba msimfukue."

Mwandu akalizunguka kaburi, akapima kwa macho. "Zizi nitaliweka hapa hapa. Yeye awe katikati."

Pudensiana alisimama mbele ya msalaba. Ng'ombe wamkanyage Kasimiri! Wamnyee!

"Huyu alibatizwa misheni ya Karema!" alifoka, akasahau kwamba anaongea na mwenye fedha. "Si wa kunyewa na ng'ombe! Kama hunitaki, sema niondoke."

Mwandu alishangaa. Kisha akakaa chini majanini, mzee mzima na suti yake.

"Nisamehe, mayu. Kwetu mwenye mji, baba wa kaya, ndiye anazikwa zizini. Ng'ombe wanalala naye, hawi mpweke. Baba yangu yuko hivyo, kule Maswa. Malisho yalipoisha tukaswaga ng'ombe wote kuja huku. Tumemwacha na zizi tupu. Hapa mimi sina mtu ardhini. Mji gani huo?"

Tangu maziko, hakuna aliyemuulizia Kasimiri.

"Uzio kwanza," alisema Pudensiana. "Wawe karibu, lakini wasimkanyage."

"Uzio nitaweka. Anaitwa nani? Jioni ng'ombe wakirudi, niwe namsalimia."

Pudensiana akaketi naye majanini, akamtajia.