PhotoRec na herufi R: TFC ya dada wa Mulongwe ilivyorudi

Salama wakuu? Vuteni viti.

Hili nimelishuhudia mwenyewe hapa Uvira na sitalitia chumvi. Unga upo, mtauona.

Nina kasekretaria kangu mtaa wa Kasenga, kaduka ka kuchapia watu kazi: kompyuta moja, printer moja. Natumia Linux Mint na LibreOffice. Si kwa falsafa, ni kwa sababu flash za wateja ziliniulia Windows kwa virusi mpaka nikanyoosha mikono. Hata hivyo moyoni nilikuwa na ile ya "rahisi ghali". Niliona programu ya bure ni ya mtu asiye na namna.

Jumatano asubuhi akaingia Espérance, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kwao ni bonde la Ruzizi, nyumbani wanasema Kirundi, hapa mjini amepanga mtaa wa Mulongwe. Mvua ilimwingizia maji ndani, flash ikalowa. Kasikia dawa ni kuifukia kwenye mchele. Mchele hakuwa nao, akaifukia kwenye unga wa muhogo!

Ilipokauka akaichomeka kwa jirani. Kompyuta ikauliza kama ifanye formatage, yaani ifute vyote.

"Kaka, minye nikabonyeza Oui. Niliwaza ni kufungua."

Humo ndimo ilimokuwa TFC yake, kazi ya kumaliza masomo, na hakuwa na kopi nyingine. Mwisho wa kuideposa, kuikabidhi chuoni, ni Ijumaa. Akikosa, anasubiri mwaka mzima. Nikamwonea huruma sana.

Nikatoa unga kwa mswaki, nikawasha PhotoRec. Haina sura nzuri, ni maandishi tu kwenye weusi, lakini inafukua mafaili yaliyofutwa. Courant ikakatika katikati, umeme wetu mnaujua, tukaanza upya.

Mchana ikamaliza. Mafaili zaidi ya elfu moja, na yote yamepoteza majina, yamebaki na namba. Flash ilikuwa imezunguka darasa zima, kwa hiyo kazi za wenzake zilifufuka pia.

"Sasa ya kwangu iko wapi?"

Nikafungua Recoll, nayo ya bure, inatafuta maneno ndani ya mafaili. TFC yake ni juu ya biashara ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye bandari ya Kalundu. Nikaandika "Kalundu". Zikaja kazi chungu nzima, maana nusu ya darasa waliandika juu ya bandari hiyo hiyo. Tukafungua moja moja. Yake haimo.

Akaanza kulia. Hapo nikakumbuka anavyotamka.

"Weye unaandikaka aje Kalundu?"

Akainamisha kichwa.

"Na R. Karundu. Kwetu tunasemaka vile. Directeur anayenisimamia TFC alizizungushia zote na kalamu nyekundu, bado sijazikosoa."

Nikaandika "Karundu". Yakaja mafaili matatu tu! Kubwa kuliko yote lilikuwa TFC nzima, na meza za bei zake zote.

Wakuu, dada alinirukia shingoni mbele ya wateja. Nami machozi yalinilenga, siwafichi.

Tukaigeuza R kuwa L kwenye LibreOffice, Ijumaa akaideposa. Baadaye akaniletea kopi. Kwenye ukurasa wa shukrani kuna mama yake, directeur, na "watu nisiowajua walioandika programu wakaziacha bure". Halafu: "na kaka wa Kasenga, ambaye hakucheka R yangu."

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Miaka yote nimewacheka watu wa bondeni kwa hiyo R, pale pale kwenye meza yangu. Sikucheka siku ile moja tu, na ndiyo aliyoniandikia.

Nilichojifunza: fanyeni kopi mbili, unga mle, na mtu au programu msiidharau kabla hamjaihitaji. Walioandika PhotoRec, popote mlipo, aksanti sana.

Na nyie wakuu, programu gani ya bure iliwahi kuwafuta jasho la hofu? Mwageni hapa chini, na wa bondeni waandike na R yao.