Hotuba Iliyoamsha Seli

Mama Barafu si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimbandika sisi pale maabara, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kelele yake ilikuwa ileile: "Barafu iko wapi?" Mimi ndiye mtunza stoo, kwa hiyo kelele hizo nimezila mimi kuliko mtu yeyote.

Kazi yake ilikuwa kukamua RNA kutoka kwenye seli, na RNA ikishakamuliwa huharibika upesi isipowekwa kwenye barafu. Alinieleza siku moja nikaelewa, na mimi si mwepesi wa kuelewa. Kila seli ina jeni zote za mwili, lakini haizitumii zote kwa mkupuo. Ikihitaji jeni fulani inatoa nakala yake, na nakala hiyo ndiyo RNA. Mashine ikizisoma nakala na kuzihesabu, tunajua jeni zipi ziko kazini na zipi zimelala.

"Ila seli zinasusa kuliko mama mkwe," aliniambia. "Ukizitoa kwenye joto lake tu, zinaanza kutoa nakala nyingine."

Basi Profesa, mkuu wetu, akaja na dawa yake ya kisukari. Zikaandaliwa trei mbili za seli: moja imetiwa dawa, nyingine haikutiwa. Siku ya kuzikamua wakaja wageni. Profesa wetu akiona kipaza sauti hupona hata mafua. Akaitoa trei yenye dawa kwenye kabati la joto, huyo nayo ukumbini, kwenye kiyoyozi, akawaonyeshe.

"Dakika tano tu, Mama Barafu."

Alihutubia dakika hamsini na mbili! Mama Barafu alisimama mlangoni akiandika saa kwenye daftari lake. Trei ya pili muda wote huo ilikuwa imetulia kabatini.

"Profesa, hizi zimepigwa na baridi. Turudie."

"Mama, usilete nuksi. Kamua."

Akakamua. Mashine ikajibu kwamba kwenye trei yenye dawa jeni mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zimeamka. Profesa nusura aibusu mashine. Kesho yake yuko redioni: dawa inaamsha seli zilizolala, wagonjwa waje waandikishe majina kwa majaribio.

Sasa, Mama Barafu ana dada yake mkubwa, na huyo dada ana kisukari mwaka wa nane. Alikuwa mtu wa kumi na moja kujiandikisha. Hilo peke yake lisingekuwa neno. Neno ni kwamba siku hiyohiyo aliacha vidonge vyake vya hospitali, eti anausafisha mwili uipokee dawa mpya. Wiki ya tatu mguu ukavimba na macho yakaanza kuona ukungu.

"Dada, dawa ile haijathibitishwa. Seli zilishtushwa na baridi tu."

"Wewe tangu utotoni una kijicho na mimi. Profesa mzima aseme, halafu wewe wa barafu ubishe?"

Mama Barafu alinisimulia hayo stoo huku akilia, nami nikapandwa na hasira hadi nikatukana. Yeye akafuta machozi, akaniomba trei mpya.

Siku mbili baadaye tulikuwa na hafla ya kumpongeza Profesa, ukumbini kulekule kwenye kiyoyozi. Mama Barafu akaleta trei ya seli ambazo hazikuguswa na dawa hata tone, akaiweka mezani kando ya maua. Profesa alidhani ni pambo. Akatuhutubia saa nzima na dakika nne. Haki ya Mungu mimi nilisinzia mara mbili.

Siku tisa baadaye mashine ikatoa majibu. Nilikuwa ofisini kwa Profesa na fomu zangu za stoo, Mama Barafu alipoingia akaweka karatasi mezani.

"Ni jeni zilezile, Profesa, na nyingine ishirini na nane juu yake. Hizi hazikuonja dawa. Zilisikiliza hotuba tu."

Profesa alisoma, akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena.

"Nitasimamisha majaribio," alisema. "Lakini barua lazima itaje sababu. Itasema sampuli ziliharibika kwa uzembe wa fundi. Ukisaini, inatoka leo na redioni wataisoma. Usiposaini, itabidi niunde kamati, na kamati haiwezi kukaa kabla ya mwezi ujao."

"Usisaini!" nikaropoka. "Daftari lako lina saa zote!"

Mama Barafu akanigeukia. "Mwezi ujao dada atakuwa bado anaona?"

Akasaini, akaomba nakala.

Tulipitia kwa daktari wa dada, akasema vidonge vianzwe leoleo. Tulipofika nyumbani kwake, dada aliisoma barua akiwa ameisogeza hadi puani, mstari kwa mstari, hadi kwenye sahihi.

"Kumbe ni wewe!" alifoka. "Miaka yote hiyo kazini, kutunza trei moja kumekushinda? Leo hii ningekuwa nimepona!"

Nikafungua mdomo niseme. Mama Barafu akanikanyaga mguu, kwa nguvu hasa. Kisha akamimina maji kwenye glasi, akatoa kidonge, akamwekea dada yake kiganjani.

"Nisamehe, dada," alisema. "Meza."

Dada akameza, akimkazia macho yale yenye ukungu. Mama Barafu hakuondoka mbele yake mpaka kidonge kilipopita kooni.