Salamu Nilizopewa Kaliua

Sisi wa Sumbawanga hatuna reli. Treni tunaifuata Mpanda kwa basi. Ndani ya treni hiyo, kabla hata haijaondoka, niliikana lugha ya mama yangu.

Bibi mmoja alikaa kando yangu na kikapu cha ulezi, akaniomba kwa Kifipa nimwambie tukifika Kaliua. Nilielewa kila neno. Nikaona pia kwamba nikijibu Kifipa nitakuwa mwanawe safari nzima, na kikapu kitakuwa changu kukibeba. Nikanyoosha tai, nikasema kwa Kiswahili, "Samahani bibi, Kifipa sikijui."

Mfugaji wa Kisukuma aliyetuelekea, aliyehamia Milepa, upande wetu, akamjibu kwa Kifipa cha kuungaunga kwamba yeye ndiye atakayemshusha. Akakunja miguu ili kikapu kipate nafasi.

Tukikaribia Kaliua, simu yangu iliita. Alikuwa mama, yuko kijijini Msanzi, naye Kiswahili chake ni cha kanisani tu. Nikapokea, nikaongea Kifipa kwa kunong'ona. Mfugaji akageukia dirishani.

Bibi hakunisuta. Mfugaji aliponyanyua kikapu, bibi alinipigia makofi mawili mepesi, kama tunavyoagana kwetu. Na kwa kuwa nilisema Kifipa sikijui, akanitafutia Kiswahili, neno moja moja: "Msalimie... mama... yako."

Msanzi nimeshakwenda mara mbili tangu siku hiyo. Salamu sijazifikisha. Mama atauliza zimetoka kwa nani.