Maua Niliyoyaita Jamii ya Vanila

Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji zangu, maana wao wakiisimulia wananiongezea na machozi ambayo sikuyatoa. Ni kweli nilimsema vibaya mama mkwe wangu mbele ya wageni, nyumbani kwangu, watu wakiwa ndiyo kwanza wametoka kula chakula alichokipika yeye, na ni kweli sababu ilikuwa maua. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nyakahanga, na nimeoa Kyerwa kwa watu ambao migomba yao lazima uitegemeze kwa miti, mikungu isije ikaiangusha. Kule mwanamume anajulikana kwa kibanja chake, shamba la kuzunguka nyumba lenye migomba na kahawa, na mimi changu kinajulikana kwa magugu. Baba mkwe, Ta Rwegoshora, ni mtu mpole, hajawahi kunisema hata siku moja, ila kila akija kututembelea lazima azunguke nyuma ya nyumba mikono ikiwa mgongoni, akae huko kitambo, halafu arudi sebuleni aniulize habari za shule. Habari za shamba haniulizi. Hiyo ilikuwa inaniuma kuliko kama angenitukana.

Sasa badala ya kushika jembe nikajirekebisha kama wanaume wengine, mimi nikashikwa na okidi, maua yanayoota juu ya miti. Siku moja natoka Rugera nikakuta watu wamekata mti mzee pembeni ya njia, na kwenye tawi moja kuna mmea umeng'ang'ania, majani manene, mizizi iko nje nje haina hata chembe ya udongo, nikauomba wakanipa huku wanacheka (wao walikuwa wanataka kuni). Nikaanza kusoma. Jamani nilisoma, kila kitabu nilichokipata kwenye simu nilikisoma, wakati mwingine nikiwa na kamusi pembeni, nikajua kwamba hizi okidi za juu ya miti haziunyonyi mti, zimepanga tu chumba, kwamba zinataka hewa na kivuli cha wastani na maji ya mvua, basi nikajenga banda la neti nyeusi nyuma ya nyumba, nikaufunga mmea wangu kwenye kipande cha gogo kwa soksi ndefu za mke wangu Kemilembe (alikuwa bado anazivaa, hiyo nayo ni kesi nyingine), na nikatenga ndoo ya maji ya mvua ambayo ilikuwa marufuku mtu kuichotea hata ya kunawa. Kemilembe akawa anasema hilo ua linaoga vizuri kuliko watoto wetu.

Miaka ikapita halitoi kitu. Halafu mwaka jana, mvua za vuli zikiwa zimekolea, likatoa kikonyo, na kwenye kikonyo vitumba, na mimi nikawa naamka nakwenda kuvitazama kabla sijapiga mswaki.

Ni wakati huo huo Ta Rwegoshora alipokuja, akazunguka nyuma kama kawaida yake, akaliona banda. Aliporudi hakuniuliza shule.

"Mwalimu, humo ndani ya neti umepanda nini?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu, maua. Lakini hebu nieleweni, mtu ana magugu mpaka kiunoni halafu amwambie baba mkwe kwamba nguvu zake zote zimeishia kwenye ua ambalo haliliwi wala haliuzwi? Nikasema, "Ni jamii ya vanila, baba."

Na si uongo, vanila yenyewe ni okidi, vitabu vyote vinakubali. Nilichofanya ni kuishia hapo. Ta Rwegoshora akavuta kiti karibu. Vanila kwao ni zao la heshima, mama mkwe ndiye anayeliendesha na mikono yake inasifiwa kijiji kizima, na mzee akaanza kuniuliza kivuli nimekipima vipi, mizizi inashika wapi, akawa anaitikia kwa kichwa kila ninachojibu, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nioe, nikajisikia mwanamume mwenye shamba. Siku ile nilimsindikiza mpaka barabarani natembea kifua mbele.

Mzee akafika kwao akasema. Kikundi chao cha wakulima wa vanila kikasikia kwamba mkwe wa Rwegoshora ana vanila ya aina nyingine, inakaa juu ya gogo, haihitaji udongo, na mwenyekiti wao akanipigia simu kuomba kuja kujifunza. Hapo nilikuwa bado na nafasi ya kusema ukweli. Badala yake nikapanga siku, Jumapili baada ya ibada, kwa hesabu yangu kwamba maua yatakuwa yamefunguka, na watu wakiyaona uzuri wake watasahau hata walichofuata. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Na yalifunguka kweli. Meupe, kama nyota, kila ua na mkia wake mrefu mwembamba unaning'inia chini, na jioni yanatoa harufu inayoingia mpaka sebuleni. Nilikaa mbele yake mpaka giza likaingia. Ijumaa jioni nikayafunika kwa kitambaa cha meza, kile chetu cheupe cha wageni. Nilisema ni kwa ajili ya vumbi, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kufunua, kama viongozi wanavyofunua jiwe la msingi. Siku hiyo hiyo mama mkwe, Ma Kokubanza, akawa amefika kumsaidia binti yake mapishi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanibariki, akaniambia nimekonda. Jumamosi alfajiri mimi nikaenda kwenye msiba Kiruruma, nikarudi nimechoka, nikalala.

Jumapili wageni wakaja wamejaa kwenye gari, Ta Rwegoshora akiwa kati yao, wamevaa vizuri, kina mama na vitenge vyao. Wakala ndizi na nyama na maharage, wakapitishiwa kikapu cha kahawa ya kutafuna, na mimi nikasimama nikawaongoza nyuma ya nyumba (magugu nilikuwa nimeyafyeka njiani tu, upana wa mtu mmoja). Wakajipanga mbele ya banda. Nikahutubia. Niliwaeleza habari za mizizi inayokunywa hewa, nikawaeleza maji ya mvua, nikaona wengine wanatazamana kwa mshangao na nikapandisha sauti, nikasema, "Na tofauti na ile yenu ambayo ua lake ni la asubuhi moja tu, haya yangu yakifunguka yanakaa wiki na wiki, hayaguswi na kitu." Nikashika ncha ya kitambaa, nikavuta.

Mchicha uliochemshwa. Sina maneno mengine. Maua yote yalikuwa yamelala, yamekunjamana, rangi imekuwa ya chai ya maziwa, mikia inaning'inia kama nyuzi za gunia. Mimi nilikuwa bado nimeshika kitambaa juu.

Kama ningenyamaza pale, ningekuwa mtu mwenye bahati mbaya tu. Lakini miaka yote ile ya kusubiri ilinipanda kichwani, nikageuka nikawatazama wote, nikasema kwa sauti ya darasani, "Kuna mtu ameingia humu. Huyo mtu hana nia njema na nyumba hii, na hajui kitu, ni mjinga wa kutupwa, na angenikuta siku hiyo ningemtoa kwa fimbo."

Kemilembe akafumba macho. Nilidhani ananihurumia.

"Ni mimi, mwanangu," akasema Ma Kokubanza.

Alisema polepole, wala hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Waitu mwanangu, juzi usiku nilisikia harufu, jana asubuhi nikafunua kidogo nikakuta maua yamefunguka yote na hakuna aliyeyachavusha. Na wewe umekwenda msibani. Nikasema mwalimu ana kazi nyingi, yakifika saa sita bila kuchavushwa yatanyauka bure, mkwe wangu atakosa mavuno mbele ya wageni. Nikachonga kijiti. Yalinisumbua, hayako kama yetu, lakini nimeyamaliza yote."

Mjue kwamba ua la vanila kwetu huku halizai mpaka mkono wa mtu ulichavushe kwa kijiti, asubuhi ile ile linapofunguka. Mama wa watu alikuwa ameamka kunifanyia kazi ambayo kwao ni ya upendo mkubwa. Na okidi yangu, kama nilivyokuwa nimesoma na kupigia mstari, ua lake linakaa muda mrefu kwa sababu linasubiri kuchavushwa, na likishachavushwa linajifungia, kazi yake imekwisha.

Nilitamani aje mtu aniazime kaburi la muda. Lakini kibaya zaidi ni kwamba wale wageni walianza kufurahi. Mwenyekiti akasogea, akainama, akaligusa ua moja lililokunjamana kwa kidole, akasema, "Imeshika." Mwingine akagusa la pili, "Na hii imeshika." Kwa mkulima wa vanila ua lililonyauka likabaki kwenye kikonyo ni habari njema, maana lisiloshika hudondoka kesho yake, basi kina mama wakapiga vigelegele, wakampa Ma Kokubanza mikono, wakasema kuchavusha maua ya aina mpya yakashika yote si mchezo, na mimi nimesimama katikati ya sherehe ya msiba wangu na kitambaa cha meza begani.

"Sasa Mwalimu," akasema mwenyekiti, "mavuno ni baada ya miezi mingapi, na mnunuzi wenu yuko wapi?"

Nikasema. Sikuwa na pa kukimbilia tena. Nikasema hakuna mnunuzi, matunda yake hayanukii wala hayaliwi, si vanila, ni ukoo mmoja tu na vanila kama watu wanavyoweza kuwa ukoo mmoja huyu padri na yule mlevi, na mimi nilikuwa nayafuga kwa ajili ya kuyatazama. Kisha nikapiga magoti pale pale kwenye udongo, mbele ya Ma Kokubanza, nikamwomba radhi kwa maneno niliyoyasema, na yeye akaniinua kwa kunishika kiwiko, akanipangusa suruali.

Ndipo akasogea Ta Rwegoshora. Mikono mgongoni. Akalitazama gogo, akasema, "Ya kutazama."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nina fahali wa pembe ndefu pale nyumbani, unamjua. Hakuna kazi anayofanya, na simuuzi. Kila asubuhi nakwenda kumtazama zile pembe, nikirudi ndani hata chai inakuwa tamu. Ungeniambia ni ya kutazama ningekuelewa siku ile ile." Akanigeukia. "Hukutaka kunitajia maua, leo ukamtishia mama yako fimbo kwa ajili yake."

Nimesemwa sana maishani, na wakaguzi, na wazazi wa wanafunzi, lakini hakuna maneno yaliyowahi kuniingia namna ile. Siku ile ile wazee walinitoza faini ya mbuzi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikapeleka Kyerwa mwenyewe nikiwa nyuma ya bodaboda, mbuzi mapajani, na kila niliyemwamkia njiani alikuwa ameshasikia.

Maua yalizaa. Kila moja likatoa tunda la kijani, nene, zuri, na vitabu vyote nilivyosoma vinasema yakate mapema, yanaunyonya mmea, ukiyaacha mwaka unaofuata huenda usipate hata ua moja. Mkasi ninao. Lakini kila Jumapili Ma Kokubanza ananipigia simu, ananisalimia, anasalimia watoto, halafu anauliza, "Na yale yangu yanaendeleaje?" Nilipojaribu kumkumbusha kwamba hayatumiki, akaniambia anajua, ila ameyazalisha kwa mkono wake na anataka kuja kuyaona yakikomaa.

Kwa hiyo msimu huu sina maua. Nina matunda yasiyo na harufu wala mnunuzi, nayamwagilia maji ya mvua asubuhi na jioni, na mtu yeyote akipita akauliza ni nini kile, awe mzee, awe mkaguzi wa elimu, namjibu hapo hapo kwamba ni maua, nayafuga nayatazama, na haya matunda ni ya mama mkwe.