Mkono Nilioufunga kwa Kamba ya Mgomba

Hamtaniamini, nami sijazoea kuaminiwa, kwa hiyo tusisumbuane. Someni tu. Huku kwetu Kibosho alikuwepo bondia aliyepigana miaka tisa kwa mkono mmoja, na ukumbi mzima ukimtazama ukahesabu mikono miwili. Bondia huyo ni Theodory, mtoto wa dada yangu Kornelia. Kocha wake wa kwanza, mwenye akili nyingi na sura ya kupendeza, ni mimi.

Masomo yangu yaliishia darasa la nne. Lakini kwenye mashamba ya mkonge nililala chumba kimoja na askari mstaafu aliyenifundisha ngumi zote alizozijua, na nyingine nikajibunia mwenyewe. Uhuru ulipopatikana nilirudi nyumbani na jozi ya glavu. Kutoka mtoni hadi parokiani hakukuwa na mwingine mwenye glavu, basi nikaitwa mwalimu.

Theodory wakati huo alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na balaa lake. Alikula kwa kushoto, alirusha mawe kwa kushoto, na siku moja alimpelekea babu yake kata ya mbege kwa mkono huohuo wa kushoto, mbele ya wageni. Mzee hakuipokea. Aliutazama mkono ule mpaka povu la pombe likatulia. Katekista naye alishalalamika kwamba mtoto anafanya ishara ya msalaba kinyumenyume. Ikaamuliwa kwamba mjomba, mtu aliyetembea, amnyooshe.

Nilimnyoosha. Niliufunga mkono wake kiunoni kwa kamba ya mgomba, msimu mzima wa kuchuma kahawa, akachuma kwa kulia peke yake huku wenzake wakimcheka. Nilipoifungua kamba, mkono ulibaki palepale kiunoni. Nilijisifu kwa kazi nzuri.

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili nikamvalisha glavu. Kulia kwake kulikuwa kuzito, hilo sidanganyi. Kushoto kulining'inia kiunoni kama mzigo wa mtu mwingine. Watu waliponiuliza ni mbinu gani hiyo, nikawaambia ni mtindo wa Kibosho. Wakaamini. Kijana akashinda mapambano sita, nami nikanunuliwa mbege sehemu nyingi.

Kisha wapinzani wakastuka. Shavu lake la kushoto lilikuwa wazi kama duka la kijiji la miaka ile, tofauti ni kwamba hapa kila aliyekuja alipata alichokifuata. Ziliitwa ngumi za kulipwa, na malipo yenyewe yalikuwa miche ya sabuni, doti ya khanga kwa mama yake, mara moja jogoo aliyekuwa mgonjwa. Alfajiri aliteremka kwa miguu hadi Moshi mjini, kwenye gereji ya Mzee Tejinder karibu na stesheni, akashinda chini ya malori yasiyo na vipuri. Jioni alipanda mlima kurudi, na mimi nikamkabidhi kamba aruke. Aliruka amefumba macho. Nilidhani ni umakini, kumbe alikuwa amelala.

Mwaka themanini na tatu alipoteza mapambano matatu mfululizo. Baada ya la tatu daktari alimwambia aweke kiganja juu ya jicho la kulia, aseme vidole vilivyo mbele yake ni vingapi. Alisema anaona moshi. Daktari akasema jicho la kushoto bado lingeweza kutulia na kupona, ila likipata pigo moja zito tena, basi, ajihesabu mtu wa jicho moja.

Mtu mwingine angeacha. Lakini kuta za nyumba yake zilikuwa zimesimama miaka miwili zikinyeshewa, bati hazikuonekana dukani hata kwa dawa, na likaja pambano la raundi nane na Wenseslaus wa Mkuu, huko Rombo. Mshindi bati kumi, aliyeshindwa bati tano. Theodory alikubali kabla hajaniuliza. Kornelia, dada yangu, hakumgombeza mwanawe. Alinijia mimi, akanena taratibu kwamba jicho la mtoto likipotea nisikanyage tena kwake kutafuta mbege. Kwa mtu wa umri wangu hicho kilikuwa kifungo cha maisha.

Wiki ileile Theodory alikuwa chini ya lori la Bedford akipambana na nati iliyoshika kutu. Alijaribu kwa kulia, ikakataa. Akatazama huku na huku, akahamishia spana kushoto, nati ikalia na kufunguka. Mzee Tejinder, aliyekuwa amepiga ngumi Nairobi enzi za ujana wake, alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha chai. Alimuuliza ni nani aliyemfundisha kupigana kwa mkono usio wake.

Jioni ile kijana alinijia kihambani, nikiwa napunguza migomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umechelewa. Kamba inakungoja."

Hakuichukua. Alisimama mkono wa kushoto ukiwa kiunoni, uso umechoka kama wa mtu aliyetoka msibani. Alisema Mzee Tejinder ataka kumfundisha, na kwamba kwa heshima amekuja kuniaga.

"Kalasinga akufundishe nini? Kufunga kilemba?"

"Anasema mimi ni wa kushoto."

"Katika ukoo wetu hakuna mtu wa kushoto."

"Alikuwepo mmoja, mjomba," akasema. "Ulimfunga kamba."

Hakusema kwa hasira. Alishika njia ya kwao, nami nikaendelea kukata majani ya mgomba ambao nilikuwa nimeshaumaliza.

Siku ya nne nilishuka mjini kupeleleza. Nilijificha nyuma ya lori bovu. Mzee Tejinder alikuwa amechora nyayo kwa chaki kwenye sakafu ya gereji: wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Alitaka Theodory asimame kinyume na vile nilivyomsimamisha mimi, mkono wa kulia utangulie kukaribisha watu, wa kushoto ukae kidevuni ukingoja. Kwa kusimama hivyo jicho bovu lilikwenda nyuma, mbali na mpinzani. Ni jambo dogo kabisa. Miaka tisa nililitazama nisilione.

Mwili ulikataa. Miguu ilijikwaa yenyewe kwa yenyewe, mtu mzima wa miaka thelathini na moja anajifunza kutembea. Mkono wa kushoto ukikaa kidevuni kidogo tu, unateremka kiunoni kwenda kutafuta kamba yake. Gunia la pumba lilining'inia kwenye mnyororo wa kunyanyulia injini. Aliambiwa alipige kwa kushoto. Kabla ya kupiga, aligeuka kutazama mlangoni, kama mtoto anayeogopa kuonekana. Kisha akapiga, na mnyororo ukalia hadi juu darini.

"Tena," akasema Mzee Tejinder.

Theodory alisema amechoka.

"Umechoka mkono wa kulia. Huu mwingine haujafanya kazi tangu Uhuru."

Nilirudi nyumbani nikazitoa glavu zangu. Ya kulia nilikuwa nimeishona mara nne, na kidole gumba kimetoka. Ya kushoto ilikuwa bado inang'aa, ngozi ngumu kama siku niliyoinunua. Nilikaa nayo magotini mpaka Kornelia akapita akauliza kama naumwa.

Kesho yake nilishuka tena, safari hii nikapita mlango wa mbele. Nilimpa Theodory glavu ya kushoto. Nikamwambia ni nzuri, haijatumika. Aliipokea kwa mikono miwili. Mzee Tejinder akaniletea chai, nami nikamkosoa namna anavyochora nyayo, ili asije akanizoea.

Wakafanya hivyo wiki sita. Siku nyingine Theodory alikuwa hoi kiasi kwamba alilala palepale gereji, kwenye viti vya lori. Nyumbani mkono ulianza kujisahau: alimpa jirani chumvi kwa kushoto, jirani akaipokea akinitazama mimi.

Siku ya pambano, Jumamosi alasiri, ukumbi wa Moshi mjini ulijaa. Wenseslaus aliingia amevaa kaptula nyekundu, mabega kama ya ng'ombe dume. Alimtazama Theodory alivyosimama, akamtazama mwamuzi, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza. Raundi tatu alikuwa akilitafuta lile shavu maarufu asilipate. Watu wa Rombo walizomea, wakamwambia mpwa wangu arudi nyumbani akachume kahawa. Yeye alizunguka taratibu, mguu wa kulia mbele, pumzi fupi, bila haraka. Hakuwa anapigania makofi ya mtu.

Raundi ya tano uchovu ukamkumbusha mambo ya zamani. Nikauona mkono wa kushoto ukiteremka, kidogokidogo, kuelekea kiunoni. Wenseslaus naye akauona, na kulia kwake kukaanza safari. Hapo mimi, niliyekuwa kiti cha mbele kabisa, nilisimama nikapiga ukelele uliosikika hadi Shirimatunda: Theodory, hakuna kamba! Na mkono ule ukapanda, wanangu, ukapanda kama umeitwa na kengele ya parokia, ukamkuta Wenseslaus kidevuni, akanyanyuka futi sita, akapita juu ya kamba za ulingo, akaangukia meza ya waamuzi, bati zote kumi zikawa zetu, na mimi nikaruka ulingoni nikamnyanyua mpwa wangu begani kwa mkono mmo—

"Mjomba."

Nilidhani yuko shambani. Amesimama nyuma yangu, panga mkono wa kushoto, na kiganja cha kulia amekiweka juu ya jicho la kulia. Anasoma ninayoandika kwa lile lingine.

"Futi sita," akasema. "Nilishindwa kwa pointi, mjomba. Inua kichwa uhesabu bati zilizo juu yako, ni tano. Na wewe hukuingia ukumbini. Nilikukuta nje kwenye baiskeli, umeziba masikio."